Baiskeli ya Katekista Melkior

Mpanda, Mgodini
19 Februari 1956

Dada Kasilda, na Baba, na nyie wote mnaosikiliza hapo barazani,

Kaeni kwanza. Aliyesimama aketi, maana habari hii ikimkuta mtu wima itamdondosha.

Hapa Mpanda, kutoka stesheni mpaka huku mgodini, hakuna mwenye bahati kama Evarist. Hakuna. Jumamosi iliyopita kilabuni kwetu wafanyakazi palichezeshwa bahati nasibu. Tikiti mia tatu, watu mia tatu, zawadi moja tu: baiskeli ya Kiingereza, mpya, imetoka ndani ya boksi, na karatasi zake bado zimeviringishwa kwenye mwamba, lile bomba la juu la fremu. Mimi nilichukua tikiti moja kwa senti hamsini, tena kwa kumhurumia karani aliyekuwa anauza huku jasho linamtoka. Kofia ikatikiswa. Karani akaingiza mkono, akatoa, akasoma: "Kumi na saba!" Nikaangalia mkononi mwangu. Kumi na saba! Watu walininyanyua mabegani. Mnyamwezi mmoja mwenye kumi na sita alilia machozi, ikabidi nimnunulie chai.

Sasa mimi baiskeli ya nini? Mtu kama mimi niliyekwisha kupanda treni mpaka Tabora, na Kigoma nikalala, na watu wa huko wananijua kwa jina? Naileta kwako, Baba.

Dereva wa gari la samaki kanieleza yote. Kasema Padre wa Karema ametoa neno: akija baada ya Pasaka akakuta Baba hajavifikia vigango vyake vitatu kwa sababu ya goti, kazi ya ukatekista apewe Ponsian. Ponsian! Kijana ambaye akisali Baba Yetu anafumbua jicho moja aone kama wasichana wanamtazama!

Najua, Baba, ulisema nisikununulie kitu chochote, kila shilingi iende Kasokola kwenye posa ya mchumba wangu Specioza. Sijanunua. Senti hamsini si kununua. Itafika Alhamisi kwa gari hilohilo la samaki. Panda, uwafikie watu wako.

Ni mimi mwanenu mwenye bahati,
Evarist Melkior


Kasekese
4 Machi 1956

Mdogo wangu Evarist,

Pokea salamu zetu. Tu wazima, kasoro goti. Baiskeli imefika. Imesafiri imelala juu ya magunia ya dereva, inanuka migebuka, na paka wote wa Kasekese wamehamia kwetu.

Sasa sikia ulichokifanya. Jumapili baada ya sala Baba alisoma barua yako barazani kama anavyosoma zote. Sauti juu, watu wanacheka, Mama Pelagia anapiga vigelegele kabla hajajua ni vya nini. Kufika kwenye "bahati nasibu" Baba akaisogeza karatasi karibu na macho. Akarudia mstari ule polepole, midomo inacheza bila sauti. Halafu akaikunja barua akaitia ndani ya katekisimu.

Umesahau, au umefanya makusudi? Mwaka jana Kasimiri alipokutwa anacheza karata za fedha, nani kama si Baba aliyesimama mbele ya Wakristo wote akasema kitu cha kamari hakiingii nyumba ya mbatizwa? Kasimiri aliambiwa arudishe hata jogoo aliyempata kwa karata kutoka kwa mwenzake. Jogoo, Evarist! Na Jumapili hiyo huyo Kasimiri alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono kifuani, amepoa kama maji ya mtungi. Akauliza, "Mwalimu, samahani, mimi sikusoma. Baiskeli na jogoo vina tofauti gani?"

Tena ndani ya Kwaresima!

Basi baiskeli imening'inizwa ghalani, imefunikwa kaniki kama maiti. Baba anakwenda kwa miguu. Juzi alishika njia ya kigango cha pili, akarudi kabla ya mto, ameegemea fimbo mbili. Ponsian alimpita njiani na baiskeli yake mwenyewe, akapiga kengele, kisha akasema "Pole, Mwalimu." Baba anasema alisema kwa adabu. Mimi naona kengele ilitosha.

Na mimi nina langu. Nilipokuwa naifuta ile harufu, rangi nyeusi ilibanduka kidogo kwenye mwamba. Chini yake kuna kijani. Chini ya kijani kuna nyekundu. Hiyo baiskeli ndani ya boksi ilikuwa inafanya nini mpaka ikabadilisha nguo mara tatu? Na mbona gurudumu la mbele linang'aa, la nyuma limefubaa?

Tafuta maneno ya kumtuliza Baba. Padre anakuja katikati ya Aprili.

Dada yako,
Kasilda


Mpanda, Mgodini
11 Machi 1956

KARATASI YA KWANZA, YA KUSOMWA BARAZANI

Baba mpendwa na jamaa wote, na wewe Kasimiri hapo mbele,

Naona mlinielewa vibaya, na kosa ni la unyenyekevu wangu. Nilisema bahati nasibu kwa sababu sipendi kujisifu. Mnanijua.

Kweli yenyewe ni hii. Sikucheza kitu. Siku hiyo toroli la mawe ya madini ya risasi lilikatika kamba kule juu, likashuka relini linakwenda moja kwa moja kwa Mzungu wa mashine, ambaye alikuwa amegeuka anawasha kiko. Watu mia walipiga kelele. Mimi sikupiga kelele. Niliruka mbele ya toroli nikaliegemea kwa kifua hiki mnachokijua, likasimama hatua mbili kutoka kiko. Mzungu alipogeuka na kuona, machozi yalimtoka. Akasema, "Evarist, chukua baiskeli yangu." Nikakataa mara tatu. Akanilazimisha.

Kwa hiyo hiyo ni zawadi ya shukrani, safi kama maji ya ubatizo. Baba, panda.

Evarist, wa kifua

KARATASI YA PILI, YA KASILDA PEKE YAKE

Dada, hiyo ya juu hakikisha inasomwa kwa sauti nzuri, na pale kwenye kiko Baba apumzike kidogo watu wasikie.

Kuhusu rangi: tatu ndio mtindo wa Ulaya siku hizi, ya chini inaipasha joto ya juu. Kuhusu magurudumu: la mbele linang'aa ili watu walione linakuja. La nyuma likishapita, nani analitazama? Haya ni mambo ya viwandani, dada yangu. Wewe uliishia la nne kwa masista. Mimi niliishia la tatu, lakini la tatu langu nimelitembeza mpaka Kigoma.

Usimwulize tena mtu wa mjini maswali ya namna hiyo. Na goti mkandie maji ya moto kila jioni.

E.


Kasekese
25 Machi 1956, Jumapili ya Matawi

Evarist,

Umeharibu zaidi.

Baba aliisoma mara mbili, na pale kwenye kiko alipumzika kweli. Watu walishika vifua vyao. Kasimiri mwenyewe alisema, "Hapo sawa." Nikadhani yameisha, nikaenda ghalani kuitoa baiskeli. Baba akaniita: "Iache. Mtu haketi juu ya zawadi ya mtu kabla hajamshukuru."

Leo tumemwombea Mzungu wako, baada ya kumwombea Askofu. Hatuna jina lake, kwa hiyo tunasema "Yule wa Kiko." Watoto wanaitikia vizuri sana. Watu wamechanga kuku wanne na debe la asali. Baba hataki kumpa dereva, anasema shukrani haitumwi kama mzigo wa dagaa. Atakuja mwenyewe Mpanda baada ya Pasaka, kwa miguu, amkabidhi kwa mkono. Kwa miguu, Evarist, na goti lile! Nikamwambia apande gari, akasema gari lichukue kuku, yeye atembee, ndipo shukrani iwe shukrani. Akifika huko yuko hai, hatarudi kabla ya Padre kuja, na Ponsian atakuwa ameshakaa kwenye kiti.

Sasa mimi nakuuliza kama dada aliyekubeba mgongoni na kukufuta kamasi. Yupo huyo Mzungu? Sema. Sitamwambia mtu.

Kasilda


Mpanda, Mgodini
29 Machi 1956

Dada,

Nakuandikia haraka, dereva anawasha gari.

Mwambie Baba asije! Mzungu ameondoka. Ameondoka ghafla, kwa treni, na kutoka hapo meli mpaka kwao Ulaya, na harudi. Aliacha neno kwamba kuku waliwe na Mwalimu Melkior na familia yake siku ya Pasaka, na asali ipakwe kwenye goti. Nasema alivyosema.

Kwa hiyo shukrani imeshafika, njia imefungwa, kilichobaki ni kupanda. Mfundishe hivi. Ashike mikono ya baiskeli kwa upole kama anashika mtoto wa ubatizo, asiibane. Asitazame gurudumu, atazame mti wa mbali. Goti baya liko upande wa pedali ya kulia, ile nimeilegeza inazunguka kwa wepesi. Breki ni ya nyuma tu, ya mbele haikamati, asiiamini. Mnyororo ukiruka, aurudishe kuanzia nyuma. Una pingili moja ngeni, ni nyeupe, hapo ndipo panapobana, apapake mafuta kila Jumamosi. Na akishuka kwenye mchanga asione aibu, asukume, hata wakubwa wanasukuma.

Wewe ushike nyuma. Usimwachie mpaka akuambie mwenyewe.

Swali lako nimelisoma. Karatasi imekwisha.

Evarist


Kasekese
22 Aprili 1956

Mwanangu Evarist,

Tumsifu Yesu Kristo.

Hii ni barua ya kwanza ninayokuandikia mimi mwenyewe tangu uende mgodini. Kasilda ndiye aliyekuwa akiandika kwa niaba yangu, kwa kuwa ana mwandiko mzuri na uvumilivu.

Sikuja Mpanda. Jumatatu ya Pasaka, barua yako ya kunizuia ikiwa bado haijatufikia, niliingia ghalani kuchukua debe la asali, nianze safari. Kaniki ilikuwa imeteleza. Nikaona kiti cha baiskeli kwa mara ya kwanza, maana tangu ifike sikutaka kuitazama. Ngozi ya kile kiti imekazwa kwa kamba za ngozi, na kila tundu la tatu kamba inarudi nyuma, inapita chini ya mwenzake na kujifunga yenyewe. Nikaketi juu ya gunia la mahindi nikaitazama muda mrefu.

Evarist, duniani sijui wapi pengine wanafunga hivyo. Hivyo ndivyo ninavyoikaza ngoma ya kigango. Nilijifunza kwa baba yangu, nikakufundisha wewe mwaka ile ngoma kubwa ilipopasuka. Ulikuwa na miaka tisa, ukaniambia unafunga vizuri kuliko mimi. Ilikuwa kweli, sikukuambia.

Nikaishusha. Kasilda akaishika nyuma siku nne. Siku ya kwanza niliangukia muhogo wa Mama Pelagia, siku ya pili niliangukia Mama Pelagia mwenyewe. Siku ya nne nilimwambia Kasilda aachie. Akajibu, kutoka mbali nyuma yangu, kwamba ameachia tangu mtoni. Wiki iliyofuata nilivifikia vigango vyote vitatu, nikabatiza mtoto mmoja aliyekuwa hatarini, na sasa hivi ananyonya. Nikarudi nyumbani jua bado lipo.

Padre amekuja Jumanne. Watu walikuwa wamekwisha kumwambia, wengine kwamba Mwalimu amepanda kitu cha kamari, wengine kwamba Mwalimu amepewa na Wazungu. Akaniuliza mbele ya wazee, na Ponsian amesimama karibu: "Melkior, baiskeli hii umeitoa wapi?"

Nikasema, "Mwanangu ameiunda kwa mikono yake."

Akauliza, "Amekuandikia hivyo?"

Nikasema, "Hapana. Ameniandikia mengine." Nikamwonyesha kiti, nikamletea ngoma, nikaviweka pamoja. Alivitazama sana. Akasema kamba si neno la mtu, na katekista hawezi kusimama juu ya kamba. Nimebaki kazini mpaka atakapopita tena tarehe sita Mei. Siku hiyo anataka kuisoma barua ya mwanangu inayosema ilikotoka. Barua ikisema ni ya kamari, nitakuwa nimedanganya mbele yake, nitampa Ponsian funguo. Sitanung'unika. Nimesema jambo ambalo sikuliona kwa macho yangu.

Jibu. Usiniandikie karatasi mbili. Barua yako nitaisoma barazani kama ninavyosoma zote, nikimaliza nimpe Padre.

Wako,
Baba


Mpanda, Mgodini
29 Aprili 1956

Baba, Dada Kasilda, Padre, na nyie wote mlioketi barazani. Kasimiri, wewe njoo mbele kabisa usikie vizuri,

Nimeketi na barua yako tangu dereva aniletee. Nimeanza karatasi nne. Ya kwanza ilikuwa na simba. Nimezichana.

Baba, hukudanganya.

Fremu niliiokota shimo la takataka nyuma ya karakana, mwezi Machi mwaka jana, imepinda kama shoka. Mlinzi aliniambia niichukue, nimpunguzie kazi ya kuifukia. Fundi Sefu wa sokoni, Mmanyema wa Ujiji, mzee anayetukana kwa upole, aliniazima moto wake nikainyoosha. Nikaipinda upande wa pili. Nikainyoosha tena. Kila Jumapili nilikuwa kwake, baada ya Misa, Baba, baada ya Misa kabisa. Nilimchotea maji na kuziba pancha za wateja, yeye akaniachia kifusi chake cha vyuma nichague. Mnyororo ni wa baiskeli mbili, nimeuloweka mafuta ya taa wiki tatu. Spoku nimekaza moja moja, gurudumu linayumba, nalegeza, nakaza. Gurudumu la mbele linang'aa kwa sababu nilibadilishana na koti. Lile koti la Tabora, Dada, nililopigia picha. Rangi nyeusi ni masalia ya kopo la fundi rangi mmoja, ndiyo maana ilitosha mara moja tu. Kiti kilikuwa chuma kitupu. Hapo sikumwuliza Sefu. Hapo nilijua mwenyewe. Alipoona ninavyofunga alisahau kunitukana.

Miezi kumi na moja. Fedha ya posa sikuigusa, iko yote, Specioza ataolewa Agosti. Na yeye anajua, maana ndiye aliyeshona kile kifuko cha nyundo ndogo chini ya mwamba.

Sasa mtasema, mtu aliyefanya kazi hiyo kwa nini aandike tikiti? Nitawaambia. Nyie hapo barazani mnadhani mimi ni mkubwa huku. Nimewaambia mwenyewe, miaka mitatu. Mimi nasukuma toroli. Sijawahi kulizuia kwa kifua wala kwa kitu kingine, likishuka nakimbia kama wenzangu. Niliona aibu mtoto wa Mwalimu Melkior kumletea baba yake kitu cha shimoni. Nikaona baba atapanda kwa fahari kitu kilichotoka kwenye boksi. Na Baba angejua nilivyohangaika, angesema niiuze, nijinunulie godoro.

Kasimiri, samahani kwa jogoo. Wewe angalau ulicheza kweli.

Yule wa Kiko mwacheni apumzike, msimwombee tena, hayupo. Kuku mliokula mmekula halali yenu.

Kuendesha sijui. Ile pedali niliilegeza kwa mkono, na maneno ya mti wa mbali nilimsikia Sefu akimwambia mteja. Mimi niliisukuma mpaka kwenye gari la samaki, dereva ni shahidi. Kwa hiyo Baba, wewe ndiye wa kwanza wa ukoo huu kupanda baiskeli, na ukija siku ya harusi utanifundisha, na Kasilda ashike nyuma.

Padre, nimeandika hii nikiwa na akili zangu, hakuna aliyeniambia niseme nini. Sikushinda baiskeli. Hapakuwa na kofia, hapakuwa na karani, hapakuwa na kumi na saba. Bahati ile niliyowaandikia ilikuwa uongo, na mwongo ni mimi.

Evarist Melkior